Mche Nambari Arobaini na Moja

"Mgeni rasmi Bwana Irungu, uliye pia mwenyekiti wa bodi yetu, msimamizi wetu uliyekaa karibu na kreti ya soda, wazee wa Shauri Moyo, na nyinyi wengine mliovutwa na harufu ya pilau: sisi wafanyakazi wa Ghala la Mawe tunawasalimu, na tunafurahi kwamba mmefika, hata kama tulianza kuwangoja saa tatu na sasa ni saa sita."

Koki alisoma bila kuinua macho. Alikuwa karani wa ghala hilo kwa miaka kumi, na hakuhitaji kutazama ili ajue kwamba msimamizi amekunja uso. Jana yake msimamizi alikuwa ameipitia risala kwa kalamu nyekundu na kufuta sehemu yote ya Changamoto, akisema kwamba mwaka huu wa 1984 ghala halina changamoto. Koki alirudi kwenye taipureta yake na kuzihamishia zote kwenye Historia. Hakuna mkubwa anayesoma Historia.

Changamoto kubwa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imesimama nje ya lango, juani, na kofia mkononi. Jina lake ni Mzee Ndambuki. Alilinda lango hilo kwa miaka kumi na tisa. Miezi minne iliyopita kipande cha jiwe, cha mche nambari arobaini na moja, kilipotea, akasimamishwa kazi, na barua aliyopewa ilisema kwamba kisipopatikana kufikia leo jioni, asirudi tena.

Aliyekichukua alijulikana. Matheka, mkata mawe, alimwona kwa macho yake mawili: Bwana Irungu, katika ziara yake iliyopita, alikiinua kipande kinachometameta, akakigeuza, akatazama huku na huku, kisha koti lake likaning'inia upande mmoja. Kila atokaye ghalani hukaguliwa langoni, mkoba kwa mkoba, hata msimamizi. Ila mgeni rasmi hakaguliwi, ndiyo desturi. Ndambuki, mtu asiyejua kudanganya hata kitabu, aliandika kwenye daftari la lango: "Mgeni rasmi. Hakukaguliwa, kwa heshima."

Wote kumi na watatu waliobaki walinyamaza. Koki naye alinyamaza, na aibu hiyo alikuwa ameibeba miezi minne mizima. Leo alikuwa amechoka nayo.

"HISTORIA YETU," alisoma. "Mgeni rasmi, ghala letu lilijengwa mwaka wa 1961, lakini historia yetu inaanza mapema kidogo, kama miaka milioni kadhaa iliyopita, katika ziwa moja la Bonde la Ufa ambalo lilishakauka. Tunaomba uvumilivu. Baadhi ya miaka tutairuka.

"Ziwa hilo lilikuwa na rutuba ya kupindukia. Mwani ulimea mpaka maji yakawa kijani, ukafa, ukazama. Kule chini maji hayakuwa yakichanganyika na ya juu, kwa hiyo oksijeni iliisha, na mwani uliokufa haukuoza ukamalizika. Ulilala kwenye tope laini, tabaka juu ya tabaka, ukashindiliwa hadi tope likawa jiwe, hili ambalo sisi tunaliita mwambatope. Weusi unaouona ni huo mwani. Wazungu walitoboa ardhi, wakalitoa jiwe katika miche mirefu kama ya sabuni, ila hii ni ya mviringo, wakatuachia tuitunze. Kwa hiyo unapotembea humu ndani, mgeni rasmi, tembea polepole. Uko matangani.

"Sasa, ndani ya tope lile waliishi vijidudu wasiohitaji oksijeni. Walikula mwani mfu, na badala ya hewa walitumia chumvi ya salfa iliyokuwa majini. Ziwa la maji matamu huwa na chumvi hiyo kidogo mno. Lakini ulipokuja ukame, kama huu wetu wa kula unga wa manjano wa msaada, ziwa lilinywea, chumvi ikakolea, na vijidudu wakafanya sherehe. Sherehe yao ilitoa gesi inayonuka kama mayai viza. Gesi hiyo ikakutana na chuma kilicholetwa na mito kutoka kwenye udongo, na matokeo yake ni pairiti, madini ya manjano yanayometameta ndani ya jiwe jeusi.

"Asiyeamini aende nyuma ya choo chetu, kwenye mtaro ulioziba tangu Februari, achochee tope kwa fimbo. Vyuma vya mafundi wa Gikomba vimo. Maganda ya viazi na mabaki ya sukuma wiki yamo. Harufu haihitaji karani wa kuieleza. Tunaomba mtaro huo uzibuliwe, ingawa kisayansi tutausikitikia."

Watu waliangua kicheko. Bwana Irungu alicheka kuliko wote, akapiga paja. Koki alitazama lango. Mfano wa mtaro haukuwa wake. Ulikuwa wa Ndambuki, ambaye hakupita darasa la nne lakini alisikiliza kila mtaalamu aliyepita langoni, kisha akaketi karibu na mtaro huo miaka kumi na tisa akilinganisha. Alipokuja Koki, msichana mgeni asiyejua jiwe na tofali, ni yeye aliyemfundisha. Koki akafungua ukurasa wa pili.

"Tungependa kuongeza, mgeni rasmi, kwamba pairiti si dhahabu."

Kicheko cha Bwana Irungu kilikatika.

"Wengi wamedanganyika nayo, tena watu wenye suti. Haina bei yoyote sokoni. Isitoshe, haipendi kuoshwa. Ikipata maji na hewa huanza kuharibika, na ikiwa chembe zake ni ndogo, kama za mche nambari arobaini na moja, miezi michache tu inatosha. Jiwe hupasuka, hutoa unga mweupe, na hutoa asidi. Asidi hiyo imeshakula lebo zetu nyingi. Kwa hiyo tungemshauri yeyote, popote alipo, asiwe akiiosha kila Jumapili na kuifungia ndani ya sanduku la chuma pamoja na hati za kiwanja."

Habari za Jumapili na za sanduku zilitoka kwa Kisilu, dereva wa Bwana Irungu, aliyemlalamikia Matheka kwamba yeye ndiye anayetwishwa kazi ya kubeba maji.

Bwana Irungu aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Msomaji, samahani. Hiyo asidi... hati ya kiwanja, ile yenye muhuri, inaweza kuiharibu?"

"Haichagui karatasi, mheshimiwa."

"Hata ikiwa imefungwa kwa kitambaa?"

"Itaanza na kitambaa."

Bwana Irungu alimwita Kisilu na kumnong'oneza kwa muda mrefu, akimpa na ufunguo wa sanduku. Gari likatoka mbio kuelekea nyumbani kwa Bwana Irungu, Donholm. Msimamizi hakuelewa, au aliamua kutoelewa, akaagiza akina mama waimbe. Wakiuru, fundi wa nguo aliyeongoza kwaya ya mtaa, alikuwa ameandaa wimbo mmoja wa makaribisho. Waliuimba mara tano. Mara ya tano hata watoto waliketi chini.

Kisha Koki akasoma Mafanikio, polepole kama mtu anayechambua mchele: masanduku mia nane, yote yameandikwa, yote yamepangwa, isipokuwa pengo moja la urefu wa kiganja. Alipofika hapo gari likarudi.

Kisilu alishuka na mkebe wa mafuta ya kupikia, ameushika mbali na shati lake. Matheka akachungulia ndani.

"Maze! Imekuwa unga!"

Ndani mlikuwa na vipande vya jiwe vilivyopasuka, vyenye ukungu mweupe, vimegandamana na nusu ya karatasi iliyotoboka toboka. Muhuri haukuwepo. Bwana Irungu aliitazama karatasi hiyo kwa huzuni ya kweli, na Koki, kwa mshangao wake, akamhurumia kidogo.

"Nilikuwa nimekichukua," Bwana Irungu alisema, akikohoa, "kwa uchunguzi zaidi."

"Na uchunguzi umekamilika," Matheka alisema kwa upole.

Koki hakungoja. "MAOMBI YETU. Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi tisa. Manane tumeyaacha. Tunaomba Mzee Ndambuki arudi langoni. Leo, kabla ya pilau."

"Arudi, arudi! Kwani nani alimsimamisha?" Bwana Irungu aliuliza kwa ukali, akimgeukia msimamizi, na msimamizi akainama kutafuta kifungua chupa.

Koki alivuta pumzi. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu iliyobaki, naye akaisoma kwa furaha ambayo hakujali kuificha.

"Mungu akubariki, mgeni rasmi, akufikishe nyumbani salama, na alikumbuke paa letu ambalo bado linavuja. Ni sisi tunaokuheshimu kwa kadiri ya uwezo wetu, Wafanyakazi wa Ghala la Mawe, Shauri Moyo." Karatasi ilisema kumi na watatu. "Kumi na wanne," akasoma.

Baada ya chakula gari la mgeni rasmi lilifika langoni na kukuta limefungwa. Mzee Ndambuki alikuwa amevaa kofia yake. Aliinua mkono, akaomba buti lifunguliwe. Bwana Irungu mwenyewe alishuka, akafungua mkoba, akageuza mifuko ya koti nje, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mtaa mzima.

Ndambuki alilamba ncha ya penseli, akaandika chini ya mstari wake wa miezi minne iliyopita: "Mgeni rasmi. Amekaguliwa."

Kisha akapiga saluti na kufungua lango.