Tangazo Lililonitafuta Mpaka Mamba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyie mliomo humu ndani, asifiwe na wale ambao hawajathubutu kukanyaga mlango huu. Amina!

Naitwa Veronika, mzaliwa wa Mamba, kule Mpimbwe. Mnaniona nimesimama na gauni la manjano, mnadhani nimekuwa hivi siku zote. Ngojeni niwaambie.

Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinikuta masika, barabara imejaa maji, lori hakuna. Mtoto alikaa njiani mpaka akafa, nami nikapasuka ndani. Tangu hapo mkojo ulitoka wenyewe, nikae, nilale, nitembee. Mume wangu alivumilia kidogo, kisha akanirudisha kwa baba. Simlaumu sana, ila kidogo namlaumu! Nikajengewa kibanda nyuma ya nyumba. Kisimani nilikwenda wenzangu wakishaondoka. Nyimbo za kanisani nilizisikia kwa mbali, nikaimba huko huko huku najifunga matambara. Ndugu zangu, niliamini ugonjwa huu niliumbiwa mimi tu dunia nzima.

Kumbe hospitalini Mpanda kulikuwa na nesi, dada Skola, anatutafuta! Daktari wa kushona wanawake kama mimi alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka. Dada Skola akatangaza. Gari la kipaza sauti likazunguka mtaa wa Majengo pale Mpanda, likafika hata mnadani kwetu, na makanisani tangazo likasomwa. Waliokuja ni nani? Wenye meno mabovu, wenye ngiri, na mzee mmoja anayetaka miwani! Sisi hatukuonekana. Tungesikia wapi? Tangazo lilikwenda penye watu, na sisi watu tulikuwa tumewakimbia.

Hapo Mungu akampa yule dada akili ambayo mpaka leo inanisisimua mwili. Akaacha kuuliza nani anaumwa, maana nani angejibu? Akaenda kwa Mama Kulwa, muuza mitumba anayezunguka minada yote. Akamwuliza, "Mama, nani ananunua kwako shuka kuukuu kila mnada, wala hachagui rangi?"

Mama Kulwa akacheka. "Mwanamke asiyechagua rangi? Labda kipofu!" Kisha akakumbuka. "Eh, yupo. Wa Mamba yule. Hata imechanika anabeba. Na sabuni ananunua mche mzima mzima."

Huyo alikuwa mama mdogo wangu, Anjela, aliyekuwa ananinunulia mimi. Mnada uliofuata dada Skola alimngoja pale kwenye mitumba. Hakumwuliza kitu mbele za watu. Alimpokea mzigo tu, wakaongozana mpaka nyumbani.

Nikasikia hodi kwenye kibanda changu. Hodi! Nani alikuwa anapiga hodi kwangu? Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Dada, sijaja kukushangaa. Ugonjwa wako unajulikana, na daktari wake yupo. Mko wengi." Nililia mpaka mama mdogo akadhani nimetukanwa.

Mnaona, ndugu zangu? Kipaza sauti kilinipita, na Mungu akanifuata kwa matambara yangu! Yale niliyokuwa nayaficha ndiyo yaliyomwonyesha njia! Mungu gani huyu anayemjua mtu kwa shuka kuukuu?

Tulikwenda Mpanda juu ya lori la mpunga, dada Skola kakaa ubavuni kwangu, hajaziba pua hata mara moja. Nikashonwa. Siku walipotoa mpira wa mkojo niliogopa hata kujigeuza. Asubuhi nikapapasa shuka chini yangu. Nikapapasa tena. Nikaita watu kwa kelele, wakaja mbio wakidhani nakufa. Kavu! Haleluya! Wodi nzima tuliimba, hata wenye nyuzi mbichi waliimba!

Namshukuru Mungu, namshukuru dada Skola, na Mama Kulwa ambaye hajui bado alichonifanyia.

Sasa mnisikilize. Ninayetaka kumwambia, "Mtumainie Bwana," hayumo humu. Nyie ndio mnajua alipo, kwenye chumba cha uani, kwa shangazi, kwa wifi yenu ambaye mnasema amesafiri. Msimtangaze hapa. Nendeni leo, pigeni hodi, semeni kwa sauti ndogo. Mwambieni yuko Veronika wa Mamba, amekaa na watu kanisani tangu asubuhi, na alipoinuka kutoa ushuhuda benchi lilikuwa kavu.