Fundi Vibao na Majina Sitini na Matatu ya Darajani

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na tukifika pa kucheka tafadhali mcheke, maana yeye angekuwa wa kwanza.

Baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Vibao, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, nyuma ya soko kuu, akasoma shule ya msingi hadi 1961, na mwaka uliofuata akaanza kujifunza kuchonga mawe kwa mjomba wake, aliyemnoesha patasi mwaka mzima kabla ya kumruhusu kugusa jiwe.

Mwaka 1970 alifungua karakana yake, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kibao cha ukumbusho cha shule mpya, alichokichonga kwa herufi za kupendeza, ila badala ya "ilifunguliwa rasmi" akaandika "ilifungwa rasmi", na kesho yake mwalimu wa darasa la pili akaingia, mikono kiunoni, akamwambia, "Fundi, umetufungia shule hata hatujaanza!" Alichonga kingine bure, akampelekea akikague mara tatu, ingawa kilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza, na tarehe 2 Septemba 1972 mwalimu huyo akawa mke wake, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1989 aligundua kwamba kibao cha daraja letu kilikuwa na jina moja tu, la mgeni rasmi aliyelifungua. "Huyu alibeba mkasi," alituambia mezani, "waliobeba kokoto wako wapi?" Kwa miaka minane alizunguka kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba, akapata majina sitini na matatu ya vibarua waliolijenga. Alipoomba yawekwe darajani, ofisi ya mji ikamjibu kwamba pale ni mahali pa viongozi, naye hakugombana na mtu, akakichonga kibao chake, akakisimamisha mbele ya karakana, watu wakawa wanakuja kuwatafuta mama zao na babu zao, wakipapasa herufi, mpaka ofisi ikaona haya, ikamwita.

Kikawekwa darajani tarehe 6 Juni 1999, na aliyekata utepe ni bibi mmoja, kibarua pekee aliyekuwa bado hai, ambaye baba alimwonyesha jina lake, akalifuata kwa kidole hadi mwisho, akapiga kelele, "Kumbe mimi ni mrefu hivi, na miaka yote naweka dole gumba tu!" Watu wakacheka hadi ng'ambo, na baba, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, alicheka huku machozi yanamtiririka.

Novemba mwaka jana kifua kilichovuta vumbi la mawe miaka hamsini kilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akawatania wauguzi hadi siku ya mwisho, na Jumanne, tarehe 11 Februari 2020, saa nne asubuhi, akatutoka, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama baba yao, majirani mliopika na kulala nasi, na mafundi wenzake mliofunga karakana kwa heshima yake.

Baba, patasi umeiweka chini, kazi imeonekana, sasa pumzika kwa amani.