Nundu ya Pili ya Shangazi Baridi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, fundi mkuu wa mitambo ya baridi katika maabara yetu anastaafu. Jina lake rasmi analijua mhasibu. Hapa ndani tunamwita Shangazi Baridi, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Alianza kama msaidizi wa stoo. Mwaka wa tatu alifufua pampu ambayo wahandisi wawili walikuwa wameshaiandikia barua ya kutupwa, akakabidhiwa mtungi wa heli kimiminika, gesi iliyogeuzwa maji ya kupozea mtambo, na tangu hapo haugusiki bila ruhusa yake. Viatu vigumu vilipigwa marufuku chumbani humo, kwa kuwa mtikisiko huleta joto. Mkurugenzi mwenyewe amewahi kukagua mtambo kwa soksi tupu, moja ikiwa na tundu. Nyumbani nako ni hayohayo: mumewe anasema wajukuu hutakiwa kuamua wanachotaka kabla ya kufungua friji.

Wageni walipouliza tunapoza nini, sisi wasomi tuliwachanganya, yeye akawanyoosha. Sumaku ndogondogo zilizomo ndani ya sumaku ya kawaida, aliwaambia, zikipoa hujipanga kama gwaride. Za fuwele yetu, kijiwe tunachokipima, hazipangiki hata uzipoze hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa. Ni kama ndugu kwenye kikao cha familia: hakuna anayetulia, lakini kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini. Hali hiyo wasomi huiita kimiminika cha spini, yaani cha hizo sumaku ndogondogo, ingawa hakuna kinachomwagika. Ukiipasha joto kidogokidogo, ndugu huachana kwa hatua mbili: kwanza wanaacha kusikilizana, halafu wanaacha kujuana. Kila hatua hunywa joto, na kwenye grafu huonekana kama nundu.

Miaka tisa iliyopita mtafiti mmoja aliona nundu mbili, akaamini moja tu. Ya pili aliifuta, akaandika kwenye ripoti kwamba kipimajoto kiliharibika kwa uzembe wa fundi. Mtafiti huyo ni mimi. Barua ya kumrudisha stoo ilikuwa imeshachapwa, inasubiri saini. Shangazi hakupandisha sauti. Aliomba wiki tatu na vipimajoto vitatu, kimoja nikichague mwenyewe, ili mchele na pumba vijitenge. Nilichagua kipya kabisa, kikiwa bado kwenye karatasi yake. Nundu ya pili ilirudi mara zote tatu, palepale. Iliporudi kwenye kile cha kwangu, alinisogezea kiti, kisha akanikumbusha kuvua viatu.

Kwa nundu hiyo maabara ilipata mtambo mpya, nami nikapanda cheo. Yeye alipata cheti chenye jina lililokosewa herufi mbili, akakikunja kuzuia mlango usigongegonge. Barua ile haikusainiwa, lakini ripoti yangu ilibaki kwenye jalada lake, na kila mwaka nilijiambia nitaiondoa.

Nimeiondoa jana. Na kwa kuwa majalada hayasomwi na mtu, naandika hapa panaposomwa na wote: nilikosea, Shangazi. Kipimajoto kilikuwa kizima, na fundi hakuwa mzembe hata siku moja.

Ahsante kwa miaka yote. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Umekaa na baridi vya kutosha. Sasa kaote jua.