Kitambaa Cheupe cha Fundi wa Tembe

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye karakana ya gesi, fundi wetu wa tembe anastaafu. Wengi tunamwita Fundi Kitambaa, na siku hizi ameshaacha kubisha.

Alianza kama mpakia magunzi. Kwa wageni wasiotujua, kazi yetu ni kupasha magunzi na mabaki mengine ya shambani moto mkali pamoja na mvuke, ili tupate gesi yenye hidrojeni nyingi. Zamani gesi hiyo ilitoka na lami iliyoziba mabomba kila wiki, na wa kuyakwangua alikuwa yeye. Ndipo akaingia kwenye utafiti, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu.

Yeye na mkemia wetu waligundua kwamba maganda ya mayai yakichomwa, yakasagwa na kufinyangwa na udongo kidogo, hutoa tembe zinazovunja lami na kunyonya hewa ya ukaa. Mpishi wa kantini alikubali kumwekea maganda, kwa sharti kwamba ayaoshe mwenyewe. Kila asubuhi alipitisha gesi kidogo kwenye kitambaa cheupe kuona kama kitachafuka kwa lami. Mkewe, aliyekuwa akivitafuta vitambaa hivyo nyumbani, ana maoni yake, nasi hatutayaandika hapa.

Mwaka mmoja alizidisha moto wa tanuri, tembe zote zikawa kokoto. Hakuzificha. Alizibandika ukutani, akaandika tarehe na jina lake, na tangu hapo kila anayeharibu hubandika zake. Ukuta ule umetufundisha kuliko semina zote.

Mwaka huu jambo moja lilimkosesha raha: kipimo cha udongo kilikuwa kwenye vidole vyake, si kwenye karatasi. Aliogopa kwamba gesi safi ingestaafu naye. Kwa miezi sita amemfundisha dada anayempokea kazi, na tembe za kwanza za dada huyo ziko ukutani kama za wengine. Jumatatu iliyopita dada alifinyanga peke yake, fundi akaambiwa asubiri nje kwenye benchi. Alisubiri, ingawa alichungulia dirishani mara tatu.

Gesi ilipopitishwa kwenye tembe hizo, kitambaa kililetwa kikiwa bado cheupe. Alikigeuza pande zote mbili, akafutia machozi hicho hicho.

Asante, Fundi, kwa kila bomba ulilotuepusha kulikwangua. Tunakutakia afya njema, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya furaha pamoja na mama, ambaye sasa ataachiwa vitambaa vyake. Hicho kimoja tumekubaliana ubaki nacho.