Usingizi Wangu Ulihamia Ilomba

Mama mwenyekiti, akina mama wenzangu, na ninyi wageni wetu mliotoka Igowole na baridi yote hii, nashukuru mmenipa nafasi. Nitaongea nikiwa nimekaa, maana mguu wangu bado hautaki nisimame muda mrefu. Sababu ya mguu mtaisikia. Nimeombwa niseme jinsi nilivyokosa usingizi na jinsi nilivyoupata tena. Nitasema yote, ila jina la mtu sitataja. Wengine wako humu humu ndani, na wengine ni wakwe zangu, bado nahitaji kukaribishwa kwao.

Nina binti mmoja. Alipata mimba akiwa chuoni Mbeya, akaja kujifungulia kwangu hapa Kilolo. Mtoto alipoacha kunyonya, mama yake akarudi kumalizia masomo, baadaye akapata kazi huko huko. Mimi nikabaki na mjukuu. Mnamkumbuka, yule wa kike aliyekuwa anakuja nami kwenye vikao amejifunga kanga kama mtu mzima. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nililala na mtoto. Alikuwa na tabia yake: mgongo anaulaza tumboni kwangu, halafu anarudisha mkono nyuma kutafuta sikio langu. Akishalishika, analala. Nami nalala. Miaka yote ile sikujua kwamba usingizi ni kitu cha kutafuta.

Basi, baba wa mtoto akajitokeza na wazee wake. Walikuja kwa heshima, wakakaa sebuleni, wakafuata taratibu zote. Harusi ikafungwa kanisani. Katika mazungumzo yale wazee wakakubaliana kwamba mtoto ni wa kwao, na kwa kuwa anakaribia kuanza shule, aende akaishi na baba na mama yake Ilomba. Ndugu zangu, wakati wanakubaliana hayo, mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Hakuna aliyeniita. Na hata wangeniita, ningesema nini? Mtoto anakwenda kwa wazazi wake. Ni jambo jema. Kila mtu aliniambia hivyo, nami nikaitikia.

Binti yangu na mumewe wanatoka asubuhi na kurudi jioni wamechoka. Kwa hiyo mtoto analelewa na bibi mzaa baba, ambaye nyumba yake iko ua huo huo. Binti yangu aliponiambia kwenye simu, "Mama, usiwe na wasiwasi, analala kwa bibi yake," nikabaki naikariri kauli ile. Analala kwa bibi yake. Sasa mimi ni nani? Mtoto alipougua surua, huyo bibi alikuwa wapi? Alipopata degedege nikambeba mgongoni kwenda zahanati mvua inanyesha, huyo bibi alikuwa wapi? Hakuwahi kuja kumwona hata mara moja. Leo amepata mtoto anayejua kuongea, anayejua kujisaidia mwenyewe, anamlaza kitandani kwake.

Nilianza kukosa usingizi bila kuelewa. Nikasema ni baridi, nikaongeza blanketi. Nikasema ni kitanda, nikakisogeza upande wa pili. Nalala chali, nalala ubavu, nalala kifudifudi, macho makavu. Na kila nikifumba naona kitanda cha Ilomba, ambacho sijawahi kukiona, na mkono mdogo umeshika sikio la mtu mwingine.

Ikafika mahali nikawa nawaonea wivu watu wote wanaolala. Msicheke, nasema kweli. Kuna mzee wetu mmoja hapa kanisani, anaanza kulala kwenye somo la kwanza na kuamka wakati wa matoleo. Zamani nilikuwa namwonea huruma. Wakati ule nilimtazama kwa hasira, nikajiuliza ana haki gani ya kulala kwenye benchi la mbao wakati mimi godoro limenishinda. Njiani akija mama na mtoto mgongoni amelala, kichwa kimelegea, nilikuwa nageukia dukani nijifanye naangalia bidhaa.

Halafu Jumapili moja nikapiga simu, akapokea mtoto mwenyewe. Nikamuuliza, "Umekula?" Akasema, "Bibi amenipikia ndizi." Nikauliza, "Bibi yupi?" Nilijua jibu, ila niliuliza. Akasema, "Bibi. Wewe si bibi wa Kilolo?"

Mwanzoni nilikuwa bibi, basi. Sasa nimekuwa bibi wa Kilolo, kama mtu anavyotaja stendi.

Baada ya pale hali ikawa mbaya zaidi. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja akaniambia maziwa ya moto. Mwingine akaniletea majani ya kuchemsha, machungu ajabu. Mwingine, na huyu yuko mstari wa pili pale anatazama chini, aliniambia nijaribu kikombe kimoja cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla ya kulala. Nilijaribu. Nililala kidogo, nikaamka na kichwa kinapasuka, na aibu ya kwenda kwaya nikiwa nanuka. Jirani akanigawia vidonge vyake vya usingizi alivyoandikiwa na daktari, nikavimeza bila kuuliza. Asubuhi nilikuwa kama mtu aliyejazwa pamba. Mchana naegemea gunia la viazi, nasinzia mpaka jioni. Usiku nakaa na birika la chai ya rangi, nikiinywa kama maji, maana ndiyo iliyokuwa inanipa joto na kampani.

Sasa sikilizeni habari ya mguu. Nilikuwa nimeinjika maharage, nikakaa kwenye kigoda kuchochea moto. Usingizi ambao nilikuwa nautafuta kitandani ukanikuta pale. Kitenge changu kilikuwa kimegusa ukuni. Mama mmoja wa kikundi hiki alikuwa anapita kuniomba kinu. Alinikuta nimeinamisha kichwa na kitenge kinawaka mguuni, na mimi bado nahangaika kuamka. Alinimwagia ndoo nzima ya maji ya mtoni, akanikokota nje. Mama yangu, unajijua. Kama ungechelewa kidogo, leo wengine mngekuwa mnanisimulia mimi.

Kituo cha afya walinifunga kidonda. Mganga, kijana wa umri wa binti yangu, akaniuliza, "Mama, moto ulikuunguza vipi bila wewe kusikia?" Nikamwambia nilisinzia. Akaacha kuandika. "Na usiku unalala?" Nikamwambia kila kitu, vidonge, ulanzi, chai. Alinikanya vikali kuhusu vidonge vya jirani, akasema niache mara moja, na kama vitahitajika ataniandikia yeye. Kisha akasema chai ya rangi iishie mchana. Nisilale mchana hata nikizidiwa, nikae juani, nifanye kazi nyepesi. Niamke wakati ule ule kila asubuhi, niwe nimelala au sikulala. Na nikiwa kitandani nikaona usingizi hauji, nisigombane nao. Niinuke, nikae kwenye kiti, nichambue hata maharage, nirudi kitandani macho yakiwa mazito.

Halafu akaniuliza, "Kuna jambo linakusumbua moyoni?"

Nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini kijana wa watu? Kwamba namwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa sababu analala na mjukuu wake?

Nilifuata masharti yake. Na yalisaidia, sitakataa. Nilianza kupata usingizi wa vipande vipande. Lakini kila nikirudi kitandani, kile kitanda cha Ilomba kilikuwa kinanisubiri.

Ndipo binti yangu akapiga simu. "Mama, mtoto halali. Mwalimu amesema anasinzia darasani, anawaangukia hata wenzake wanaokaa naye dawati moja. Njoo utusaidie." Akina mama, mimi ni Mkristo na niko mbele yenu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikasema, ahaa, wameshindwa. Nikachukua begi tupu kwa ajili ya kupakia nguo za mtoto, nikashuka Iringa mjini, nikapanda basi la Mbeya. Njia nzima, Mafinga, Makambako, mpaka Uyole, nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia hivi, akijibu hivi nitamwambia vile.

Nilifika Ilomba jioni. Yule bibi mzaa baba akavuka ua mzima kunipokea, akapiga goti kidogo, akasema, "Mugonile, mkwe." Ni salamu yao Wanyakyusa, wanaisema saa yoyote. Lakini kwa lugha yetu pia kugona ni kulala. Mtu aliyechukua usingizi wangu ananiuliza kama nimelala. Nilinyanyua macho ili nimjibu. Ndipo nikaona macho yake. Mekundu, yamevimba chini, uso umesinyaa. Ni macho niliyokuwa nayaona kila asubuhi kwenye kioo changu.

Baada ya chakula mtoto alianza kusumbua. Yule mama akampakata. Mtoto akalivuta sikio lake, akaliachia, akalivuta la pili, akalia. Yule mama akaniangalia. Akasema taratibu, "Mkwe, mimi nimeshindwa. Nimemwimbia, nimembeba, nimempa maziwa. Ananivuta masikio mpaka yanauma, na hataki. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Begi langu lilikuwa pale mlangoni. Nilijua kabisa anachotaka yule mtoto. Ningesema "sifanyi kitu, huwa analala tu," baada ya muda mfupi mtoto angerudi Kilolo, na hakuna ambaye angejua. Nililitafuna neno lile mdomoni. Binti yangu alikuwa amesimama pale anasubiri. Na mtoto alikuwa analia kile kilio cha mtu aliyechoka, ambacho mimi nakijua kutoka ndani, kwa sababu nami nilikuwa nakilia bila sauti.

Nikasema, "Mlaze akupe mgongo. Sikio la kushoto, si la kulia. Kisha mpitishe kwa majirani."

"Nimpitishe vipi?"

"Unamtajia nyumba moja moja. Kwa fulani wamefunga mlango, wamelala. Ng'ombe wao wamelala. Unakwenda nyumba inayofuata. Taratibu, bila kubadilisha sauti."

Akasema, "Mimi Kilolo siijui."

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Maana nyumba zile zilikuwa zetu, zangu na mtoto. Nikamwambia, "Mtajie za hapa. Ndipo anapoishi."

Akaanza. Kwa mama anayeuza mkaa, wamelala. Kwa fundi cherehani, wamelala, na paka wao amelala. Mtoto alilalamika mwanzoni, akasema siyo hivyo. Kisha akanyamaza. Mkono ukapanda, ukashika sikio la kushoto la yule mama. Hawakufika nyumba nyingi. Nilikaa pale nikatazama kitu kile kile ambacho nilikuwa nakiona kitandani kwangu kila siku, na kiliniuma kama nilivyodhani kitaniuma. Lakini mtoto alikuwa amelala.

Yule mama hakuthubutu kujisogeza. Akaninong'oneza, "Mkwe, ninakuonea wivu sana."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema, "Kijana wangu alinificha. Nilikuja kujua nina mjukuu ameshaota meno yote. Nikaona aibu kuja kwenu mikono mitupu baada ya muda wote huo. Wewe ulimpata mchanga. Mimi hata akilia simjui anataka nini. Kila kitu ananiambia, bibi wa Kilolo hafanyi hivyo."

Nikamwambia, "Na mimi sijalala tangu mlipomchukua." Nikamweleza yote, mpaka moto na mguu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa mdomoni, na niliyatoa kwa mtu niliyekuwa nimemwandalia matusi safari nzima. Alinisikiliza, mkono wa mtoto bado sikioni mwake, machozi yanamtoka. Kisha akaniambia godoro langu liko wapi, kwa sababu hangeweza kuinuka. Usiku ule nililala chumba kimoja nao, na nililala mpaka redio ya jirani ikaniamsha.

Nilirudi na begi likiwa na mchele na parachichi alizonifungashia. Nguo za mtoto zilibaki.

Sitawadanganya kwamba nilipona siku hiyo. Nilirudia masharti ya mganga, chai ya rangi ikaishia mchana, kiti kikakaa karibu na kitanda. Usingizi ulirudi taratibu, usiku huu umekuja, ule haukuja, mpaka nikaacha kuufuatilia. Wivu nao upo. Bado nikisikia amempeleka kununua viatu, naumia. Tofauti ni kwamba sasa nampigia simu, namwambia, "Mkwe, leo umeniudhi." Anacheka. Wakati mwingine yeye ndiye anayeanza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa ndoo ya maji, na mganga wetu, na ninyi mliokuja kunilimia viazi mguu ulipokuwa umefungwa. Na wewe unayekaa humu macho makavu, nakuomba usimeze dawa ya jirani. Nenda kituo cha afya. Na mganga akikuuliza kama kuna jambo linakusumbua, usimjibu kama nilivyomjibu mimi. Hata kama jambo lenyewe ni la aibu, mwambie.

Likizo ijayo wanakuja wote wawili, mtoto na yule bibi yake. Mtamwona hapa, mmpokee vizuri, ni mtu mwema. Nimemwandalia chumba cha wageni, kitanda kizuri na mablanketi mawili mazito, maana baridi yetu haijui. Mtoto atalala na mimi. Hilo sikuomba ushauri wa mtu.