Ukoo wa Kirusi wa Kanyakine

Gogo la Wambeti, mama muuza kahawa, lililala mbele ya duka lililofungwa, sokoni Kanyakine, na miaka ile ya Emajensi, ya amri za hali ya hatari, halikukaliwa ovyo, maana askari wakiona vichwa vingi pamoja huviita mkutano, na mkutano ni kifungo. Kwa hiyo Kathure alipofika, mtoto wake Njura mgongoni, kibuyu cha maziwa chini ya leso, hakuketi, alisimama pembeni kama anayengoja kununua chumvi; alikuja kwa sababu ng'ombe wake alikuwa akidondosha ute tangu jana, ulimi una malengelenge, na watu wa mifugo walikuwa wametangaza kwamba maziwa ya ng'ombe wagonjwa yasinywewe mpaka Nairobi ijibu, na Njura hakuwa na chakula kingine, matiti yake mwenyewe yalikauka tangu mume wake apandishwe lori la askari. Gogoni walikuwa wanaume watatu, kahawa mkononi, udongo wa handaki la kijiji, walilochimbishwa na askari, bado umewaganda magotini.

— Nairobi haijajibu, mama Njura, alisema Runji kabla hajaulizwa. Walimwita Josho, kwa kuwa ndiye huswaga ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa. — Mate ya ng'ombe yamepelekwa kwa chupa. Wanatafuta kirusi ni wa ukoo gani.

— Kirusi ana ukoo? aliuliza Ndambiri, aliyeitwa Katekista kwa kubeba Biblia kila mahali ilhali hajabatizwa.

— Ana ukoo, ana mlango, ana ndugu. Huyu wa ugonjwa wa miguu na midomo ana ndugu kadhaa, malengelenge yao sawasawa, lakini chanjo ya huyu haimzuii yule. Ndiyo sababu lazima ajulikane.

— Kama shemeji zangu, alisema Katekista. Ukipatana na huyu, yule anakuja na panga. Na majina wanatoa wapi?

— Wengine wanaitwa kwa mahali walipoonekana kwanza. Wengine kwa ugonjwa. Siku hizi kuna mashine ya kuwatazama sura: huyu duara, huyu kama tofali. Hata wasomi bado wanagombana.

— Kwa mahali? Tumekwisha! Wakimwita Kanyakine, mjukuu wangu akienda kuposa kule Kangeta ataambiwa ametoka kwa kirusi!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mzee Njoka, macho amefumba. Yeye aliitwa Bama, kwa sababu ya vita alivyopigana Burma na asivyoacha kuvisimulia.

— Methali hiyo si ya hapo, mzee, alisema Josho.

— Ni ya hapo hapo. Mgeni amekuja. Tumepona?

Katekista alipiga kofi Biblia yake.

— Sikilizeni. Adamu aliwapa majina wanyama wote. Huyu alijificha puani mwa ng'ombe, akakosa jina. Gharika ikaja, akaingia safinani bila kuandikishwa. Sasa Wazungu wanamaliza kazi ya Adamu!

— Nyinyi hamjui serikali, alisema Bama. — Hiyo ni skriningi, ule mchujo wa askari. Virusi wanapangwa mstari. Mmoja amevishwa gunia kichwani, amekaa ndani ya Landrova, anatikisa kichwa: huyu ni wa ukoo fulani. Kisha weupe wasio na kosa huku, wa kijivu wa kushukiwa kule, weusi sugu wanapelekwa kifungoni kisiwani.

— Mzee, punguza sauti! alinong'ona Josho.

— Wewe Bama, kirusi hana macho, alisema Katekista.

— Hata yule wa gunia ni kama hakuwa na macho, na alinichukulia mwanangu.

Kathure alitazama chini. Habari ya mwisho ya mume wake ilikuwa neno hilo hilo, kijivu, ameandikwa wa kijivu, na hakuna aliyemwambia mtu wa kijivu anafanywa nini, anakula nini, anarudi au harudi. Njura akaanza kulia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyekwisha choka kulia. Wambeti akaja na birika, akamimina, na Kathure akaona rangi ya kahawa.

— Mama Wambeti, hiyo ina maziwa?

Watatu wakachungulia vikombe vyao.

— Ina.

— Ya nani?

— Ya ng'ombe wangu. Anachechemea tangu juzi. Nilichemsha yakapanda, yakapanda tena. Ningemwaga, hawa wangekunywa nini?

Josho akatema. Katekista akafunika kikombe kwa Biblia, upesi, kana kwamba kitu kingeruka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Bama, akamaliza chake chote.

— Leta chako, mwanangu, alisema Wambeti.

Kathure akatoa kibuyu, Wambeti akamimina maziwa sufuriani, akayabandika motoni. Wakakaa wakitazama sufuria, maziwa yakapanda, yakashushwa, yakapanda tena, na hakuna aliyetaja ukoo wala jina. Bama akainuka, akampisha gogoni, akaenda kusimama mbali ili vichwa visizidi. Kathure akapuliza kikombe alichomiminiwa. Hakumpa mtoto. Alikunywa yeye, nusu kikombe, kinywa kinamuungua, kisha akajifuta midomo, akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa ningoje muda gani nijue hayajanidhuru, kabla ya kumpa?

Bama aligeukia barabara, ambako filimbi ya kafyu, ya kila mtu arudi ndani, ilikuwa imeanza kulia. Birika lilikuwa tupu. Juu ya bega la mama yake, Njura alinyoosha mkono kwenye kikombe.