Bi Mwanvua Anasimama Mlangoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mwanvua Mudathir anaurudisha ufunguo wa maktaba yetu ya Kilosa, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua mlango ule ule. Mimi nimefanya naye kazi miaka michache tu, ya usafi na kupanga vitabu, lakini nimeombwa niandike, basi naandika.

Alianza kwa kugonga mihuri, akapanda hadi kuwa mkuu wa maktaba. Mafuriko yalipoingia mjini alipandisha vitabu vya watoto juu ya makabati, viatu vyake akavisahau sakafuni, maji yakavichukua. Ukimuuliza leo, anasema vimeshafika baharini, vinatembea vyenyewe.

Lakini wengi tutamkumbuka kwa Alhamisi. Siku hiyo akina mama tukishapima watoto kliniki, tulipita maktaba kupumzika. Bi Mwanvua alitandika mkeka, akafungua riwaya ya Harriet Penhale, mwandishi wa Uingereza ambaye yu hai na bado anaandika. Alisoma Kiingereza kwa macho, akatusimulia kwa Kiswahili. Sisi tulimwita Mama Hariet, kana kwamba anakaa Rudewa, hapo jirani.

Riwaya zake zina ukungu na nyumba za baridi. Kuna ile ya mwanamke ambaye mumewe alitoka kununua mkate asirudi. Kila jioni anaacha mlango wazi. Majani yanaingia, paka wa jirani anaingia, mume haingii. Siku moja tukiwa katikati ya kitabu hicho, mvua ilipiga mabati hata sauti ya Bi Mwanvua ikapotea. Hakuna aliyeinuka. Tulinyonyesha, tukatazama milima ikifutika, nikawa sijui tena kama mvua ile ni ya kwetu au ya kitabuni. Ilipokatika, Bi Mwanvua alifunga kitabu, akasema sura hiyo tumeshaisikia.

Alikuwa na utaratibu wake. Riwaya ikiisha, aliyeipenda anabaki mkekani, mwenye lawama anakwenda kusimama mlangoni na kuisema. Baada ya hapo ndipo alipotusomea waliyoandika wahakiki wa London. Mmoja alisema lugha ni tamu, ila hakuna kinachotokea. Sintamei, anayetuletea maziwa, aliruka: "Hakuna kinachotokea? Mume hajarudi! Huyo bwana alitaka nini tena, ng'ombe wapigane?"

Mhakiki mwingine alimsifu Mama Hariet kwa kumaliza bila kutuambia mume yuko wapi. Doreen wa maandazi, ambaye tayari alikuwa mlangoni, alishika kiuno: "Yaani anasifiwa kwa kutukimbia! Mimi nikikupa andazi nusu, shoga, utanisifu?" Bi Mwanvua alicheka hadi akavua miwani. Ila hata siku moja hakutuongezea mwisho wa kutufurahisha. Alisema kitabu ni cha mwenyewe. Sisi letu ni kulalamika.

Mwaka huu ilifika riwaya mpya ya Mama Hariet, na kustaafu kumetukuta tuko katikati. Nani atasoma? Sintamei aliuliza kama Alhamisi nayo inastaafu. Bi Mwanvua alinipa mimi kitabu. Niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu kinachechemea.

Alhamisi iliyopita nilisoma, mwanangu Bonifas mgongoni, kamusi miguuni. Nilipomaliza sura, wote walibaki mkekani. "Umejitahidi, Mama Boni," waliniambia, kwa sauti ile ya kumpa pole mgonjwa. Nilitamani kurudi kwenye fagio langu.

Bi Mwanvua peke yake aliinuka. Alijikokota hadi mlangoni, akasimama, akasema yule mzee wa kitabuni nimemfanya mpole mno, kwenye kitabu ana maneno makali, kwa hiyo Alhamisi ijayo niirudie sura nzima. Doreen naye akainuka akamfuata, halafu Sintamei. Sijawahi kufurahia lawama namna ile.

Bi Mwanvua, shikamoo, na asante. Huko Mikumi unakohamia, ulale mchana mpaka uchoke, na tembo wapite mbali na migomba yako. Afya na amani viwe nawe. Yule mzee nimeshamrudishia ukali wake. Alhamisi yoyote utakayopata gari, njoo. Mlango tutauacha wazi, na mahali pako pa kusimama papo.

Lea, Mama Bonifas